Nilivyofundisha Kupasuka kwa Kiini Nikiwa Sijaelewa

Walimu wenzangu mliobaki kazini,

Mliponiaga mlinipa kitenge, sufuria kubwa na ombi moja. Kitenge nimeshashona. Sufuria ameiazima mdogo wangu na sina hakika kama nitaiona tena. Ombi lenu lilikuwa niandike jinsi ya kufundisha ile mada ya mwisho ya fizikia Kidato cha Nne, mada ya viini vya atomu kupasuka na kuungana, kwa kuwa kila mwaka mnaikwepa mpaka mtihani unabisha hodi. Nimekaa barazani kwetu Chemchem, hapa Tabora, nikijaribu kuwaandikia, na nakiri mmemwomba mtu ambaye sehemu kubwa ya kazi yake aliifundisha mada hiyo akiwa amechanganyikiwa. Labda hilo litawafaa. Vitabu vya watu walioelewa mnavyo tayari.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Choma, wilaya ya Igunga. Mimi ni mtoto wa mjini, binti wa fundi bati, na ng'ombe nilikuwa nimezoea kuwaona wakiwa nyama. Nilishuka kwenye basi na begi langu, vumbi likiwa limenifanya rangi moja na barabara, nikawakuta kina mama wakinisalimia kwa Kisukuma "mwangaluka" nami nikajibu "asanteni." Walicheka hadi nikacheka nami, bila kujua tunacheka nini. Mkuu wa shule alinitazama akauliza, "Wewe ndiye fizikia?"

"Mimi ni Zuhura, mwalimu."

"Ndiyo. Fizikia." Akanipa boksi la chaki na ratiba.

Maabara ilikuwa chumba chenye mizani moja, sumaku zilizochoka na kabati lililofungwa ambalo ufunguo wake aliondoka nao mwalimu aliyenitangulia. Mkuu wa idara ya sayansi alikuwa Mwalimu Nkwabi, mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi kikavu. Idara yenyewe ilikuwa yeye, na sasa mimi. Ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilikuwa nimesoma mada ya viini kwa kuikariri siku chache kabla ya mtihani, kisha nikaisahau kwa furaha. Muhula ulipokwenda mbele na mada ikanikaribia, nilimfuata ofisini nikamwambia sijui pa kuanzia.

"Una sinia?" akauliza.

Nililileta. Akalipaka mafuta ya pamba, akadondosha tone kubwa la maji katikati. Juu ya mafuta maji hayatandai, yanajikusanya kama kitufe.

"Hiki ni kiini cha urani," akasema. "Kimejaa protoni, ambazo zinachukiana, na nyutroni, ambazo hazina ugomvi na mtu. Wote wamebanana humo kwa nguvu ya ajabu ambayo hufanya kazi wakikaribiana tu. Kiini kikiwa kikubwa hivi, kinakaa kwa shida. Sasa nyutroni moja inakuja kutoka nje, inaingia." Akalisukuma tone kwa njiti ya kiberiti. Tone likatikisika, likarefuka, likabana kiunoni, likakatika vipande viwili, na vitone vidogo vikaruka pembeni. "Umeona hivyo vidogo? Hizo ni nyutroni mpya, mbili au tatu. Zinakwenda kumtafuta jirani. Huko ndiko kupasuka."

Kisha akayasogeza matone mawili madogo mpaka yakagusana, yakarukiana yakawa moja. "Na huku ndiko kuungana. Ila maji yanapendana. Viini havipendani, vyote vina chaji ya aina moja. Kuviunganisha kunahitaji joto kama la ndani ya jua, ambako haidrojeni inaungana kuwa heliamu mchana na usiku."

Sinia hilo nawapa bure, litumieni. Mafuta yasiwe mengi. Na kabla ya yote, andikeni ubaoni maneno mawili ya Kiingereza mbali mbali kabisa, moja kila upande, kwa sababu fisheni, yaani kupasuka, na fyusheni, yaani kuungana, masikioni mwa mtoto ni neno moja lililotamkwa na watu wawili. Nimesahihisha karatasi nyingi ambamo jua lilipasuka na bomu likaungana. Siwalaumu. Mimi mwenyewe niliwahi kuyageuza mbele ya mkaguzi, naye hakugundua.

Darasani sinia lilifana. Nikaeleza kwamba viini vikubwa vya bonge moja la urani vikipasuka hutoa nishati nyingi kuliko kuni zote za Igunga, na kwamba viini vidogo vikiungana navyo hutoa nishati. Nikageuka kufuta ubao. Nyuma yangu akasimama mwanafunzi aitwaye Masanja, kijana mtaratibu ambaye alikuwa haulizi maswali mara kwa mara, na alipouliza ulitamani asingeuliza.

"Mwalimu, ukipasua unapata nishati."

"Ndiyo."

"Ukiunganisha unapata nishati."

"Ndiyo, Masanja."

"Basi nakichukua kimoja, nakipasua. Halafu naviunganisha vile vipande. Halafu nakipasua tena. Tutapika ugali milele bila kukata mti."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Alikuwa amesema kweli, au kile nilichofundisha kilikuwa uongo. Kengele ikalia. Sijawahi kuipenda kengele namna ile.

Nilimkimbilia Mwalimu Nkwabi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ah, hapo," akasema. "Hapo mimi huwa nakohoa, kisha naendelea na mfano unaofuata."

Kumbe kikohozi chake kilikuwa na kazi.

Likizo ile nilirudi nyumbani na swali la Masanja kama kijiwe ndani ya kiatu. Baba alikuwa kwenye kibanda chake anatengeneza karai, akilehemu kingo za bati. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, nikakaa kwenye kigoda nikamweleza. Nilidhani kumweleza mtu wa nje ya darasa kutaninyooshea mawazo.

"Kwa hiyo jua," akasema baba, "ni vitu vidogo vinaungana, na vikiungana vinatoa moto."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nikiunganisha bati, moto nautoa mimi. Bati halinipi moto." Akashika karai akaligeuza. "Waliokufundisha wana hakika?"

Nikamwambia hata kwenye jua lazima joto litangulie ili viini vikaribiane, lakini vikishashikana vinatoa zaidi ya kilichotumika. Akaniuliza zaidi hiyo inatoka wapi. Nikasema vikipimwa baada ya kuungana vina uzito pungufu kidogo kuliko vilivyokuwa navyo mwanzo, na kile kilichopungua ndicho kimegeuka nishati. Baba akaweka nyundo chini.

"Kimepungua, na hakuna aliyekichukua?"

"Hakuna."

"Mwanangu, kunywa maji. Jua la Choma ni kali."

Jibu la Masanja lilinijia mwaka uliofuata, mahali ambapo sikuwa nikilitafuta. Mimi na Mwalimu Nkwabi tulikuwa tumekwenda bonde la Manonga kununua mpunga. Tulisimama kwenye mwinuko kupumzika, na upande wetu kundi la ng'ombe lilikuwa linateremka kwenda kunywa maji. Ng'ambo ya pili kundi jingine nalo lilikuwa linateremka, likija kuelekea kwetu. Makundi mawili yaliyoelekeana, na yote yanashuka. Nilimshika Mwalimu Nkwabi mkono kwa nguvu mpaka akadhani nimeona nyoka.

Viini vikubwa kama urani viko juu ya mwinuko mmoja. Viini vidogo kama haidrojeni viko juu ya mwinuko wa pili. Bondeni kuna viini vya katikati, chuma na majirani zake, ambavyo chembe zake zimeshikana kwa uimara kuliko vyote. Ukipasua kikubwa, vipande vinasogea kuelekea bondeni. Ukiunganisha vidogo, navyo vinasogea bondeni. Kila anayeteremka anatoa nishati. Ukitaka kuvirudisha vipande juu viwe urani tena, unapanda, na kupanda unalipia kila ulichopata uliposhuka.

Masanja alikuwa ameshamaliza shule, lakini siku ya mnada nilimkuta na baba yake wakiuza ndama, nikamvuta pembeni nikamweleza pale pale, kwa sauti ya juu kwa sababu ya ng'ombe. Akafikiri.

"Na akishafika kwenye chuma?"

"Hana pa kuteremka tena."

"Basi ugali hauivi," akasema kwa masikitiko ya kweli, akarudi kwa ndama wake. Baba yake aliniangalia kwa namna ambayo sikuisahau upesi.

Baada ya Choma nilihamishiwa Lusu, huko Nzega, na Lusu ndiko nilikopata rafiki yangu Kabula. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mke wa mkulima wa pale pale, mama wa watoto wanne, mwenye sauti ya kusikika mpaka kwenye mashamba ya watu. Madarasa yetu yalitenganishwa na ukuta usiofika kwenye paa. Nilimsikia akichambua ngeli, naye alinisikia nikilipua mabomu.

Nasema mabomu kwa sababu ya mchezo wangu wa mfululizo wa mipasuko. Huufundisha hivi: mwanafunzi mmoja anasimama, anawagusa wawili. Hao wawili wanasimama, kila mmoja anawagusa wawili. Punde darasa zima limesimama linapiga kelele. Kisha mnarudia, lakini safari hii baadhi ya wanafunzi mnawaambia wakiguswa wanyamaze. Hao ni zile fito za kufyonza nyutroni ndani ya kinu cha umeme. Mchezo unakwenda polepole, mmoja baada ya mmoja, na hapo mnaeleza kwamba bomu na kinu vinatumia jambo moja, tofauti ni kama kuna wa kunyamaza. Ni mchezo mzuri. Ubaya wake ni kwamba mwalimu wa darasa la jirani husikia nusu ya kwanza vizuri zaidi kuliko nusu ya pili.

Kabula alianza kuumwa taratibu. Alikonda, akawa anakaa wakati wa kufundisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipokwenda hospitali aliambiwa ana kansa ya shingo ya kizazi, na kwamba imewahiwa. Aende Mwanza akatibiwe kwa mionzi, asicheleweshe. Alirudi akaendelea kusahihisha insha kana kwamba hakuambiwa kitu. Wiki zikapita. Mumewe, Shija, alikuja nyumbani kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Shemeji, rafiki yako hataki kwenda. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Anasema wewe ndiye unayejua sababu."

Nilikwenda siku ile ile. Nilimkuta jikoni anapepeta mchele.

"Kabula, kwa nini huendi?"

Hakuacha kupepeta. "Zuhura, nimekaa nyuma ya ukuta wako miaka mingapi? Kinapasuka kimoja, kinapasua viwili, viwili vinapasua vinne, mpaka darasa lote linapiga kelele. Nawajua wanafunzi wako, huwa hawanyamazi. Sasa wewe unataka wanitie kitu hicho tumboni, kianze?"

Nilisimama pale mlangoni. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na sinia, nilikuwa na bonde la Manonga, na nilikuwa sijui kwa uhakika mionzi ya hospitali ina uhusiano gani na yale niliyokuwa nikiyafundisha. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilijua kwamba mfululizo ule unahitaji urani au madini ya aina hiyo, tena mengi, yaliyokusanywa pamoja, na mwilini mwa Kabula hamkuwa na hata chembe ya kutosha kumtisha nzi. Hilo nilimwambia.

"Una hakika?"

"Hilo nina hakika nalo. Mengine sijui."

Alitua ungo. "Mengine usiyoyajua ni mengi?"

"Ni mengi."

"Basi tutakwenda wote," akasema. "Ukaulize. Mimi nikiuliza watanijibu kwa Kiingereza."

Ndani ya basi kutoka Nzega mpaka Mwanza nilimfundisha nilichokisoma kwa haraka kabla ya safari: kwamba kuna kobalti ya kutibia, kobalti hiyo hupikwa ndani ya kinu cha nyuklia kwa kupigwa nyutroni zinazotoka kwenye urani inayopasuka, kisha huwekwa kwenye mashine nzito yenye kinga ya madini ya risasi, na miale yake hutoka kwa tundu dogo kwenda kuua uvimbe. Nilieleza vizuri mno. Abiria wa viti vya mbele walikuwa wamegeuka kusikiliza, mmoja akaniuliza kama inatibu pia kisukari. Kabula alikuwa amelielewa somo lote na amelikubali. Niliteremka Mwanza nikijisikia mwalimu kamili.

Hospitalini tulipokelewa na mtaalamu wa mashine, kijana mwenye subira. Nikamwambia kwa fahari kwamba mgonjwa wangu ameshaelewa habari za kobalti.

"Vizuri, mama," akasema. "Ila mashine atakayotumia haina kobalti. Inatumia umeme. Inarusha elektroni kwa kasi kubwa, zinagonga kipande cha metali, miale inatoka pale. Tukizima swichi, hakuna mionzi."

"Na kupasuka kwa viini?"

"Hakupo, mama. Wala kuungana."

Kabula alinigeukia polepole. Niliona midomo yake inatetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajishika tumbo, mpaka muuguzi akachungulia. "Kutoka Nzega!" akasema. "Kutoka Nzega mpaka hapa, kobalti, kobalti!" Akapangusa macho kwa kanga, akamwambia yule kijana, "Haya baba, nipeleke kwenye umeme wako. Umeme naujua, unakatika kila siku."

Nawaambia mapema kwamba Kabula alipona, ili msisome yaliyobaki kwa wasiwasi niliokuwa nao mimi. Lakini wiki zile Mwanza hazikuwa za kuchekesha. Alitapika, akachoka mpaka kuinua kikombe ikawa kazi, na ngozi ya nyonga ikababuka ikawa nyeusi. Nilikuwa nikienda kila nilipopata ruhusa, na kila nikienda nilimkuta ameanzisha darasa wodini, akiwasahihisha wagonjwa wenzake Kiswahili chao.

Siku ya kumrudisha Lusu nilimsindikiza mpaka kwake. Shija alitupokea barabarani, akabeba mizigo. Uani walikuwa wamekaa wanawake wa jirani, na katikati yao mama mkwe wa Kabula, bibi mwenye heshima yake. Tukaamkia shikamoo, tukaitikiwa marahaba. Halafu nikaona. Kabula alikuwa ametandikiwa mkeka wa peke yake, mbali na mingine. Kando ya mkeka, sahani yake peke yake na kikombe chake peke yake. Watoto walikuwa wamesimama nyuma ya bibi yao, na mdogo kabisa alikuwa ameshikwa mkono ili asimkimbilie mama yake.

Kabula alikaa kwenye mkeka wake. Sauti yote ile ilikuwa imemwishia.

"Mwalimu," mama mkwe akaniambia, "sisi hatuna ubaya naye. Tunaogopa moto ulio ndani yake. Kuna watoto hapa."

"Mama, hakuna moto ndani yake. Ni kama mtu kumulikwa tochi. Ukizima tochi, yeye haendelei kuwaka."

"Tochi haichomi. Mbona ameungua?"

Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa kazini. "Jua nalo linachoma ngozi, mama. Ukishinda shambani unaungua. Lakini ukiingia ndani jioni hutoi mwanga, wala anayelala karibu yako haungui."

Akafikiri. Wanawake wakanong'onezana kwa Kinyamwezi. Mmoja akauliza kama mionzi hiyo ndiyo ile ya bomu. Nikasema hapana. Mwingine akauliza kama ndiyo ile ya jua. Nikasema hapana, jua ni mfano tu. Wa tatu akauliza, sasa ni ya nini, nami nikaanza habari za elektroni na metali, nikaona nyuso zao zikifungika moja baada ya nyingine, kama madirisha upepo ukianza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyowapoteza. Chakula kililetwa, ugali na mlenda na kuku, na sahani ya Kabula ikasogezwa kwake kwa kusukumwa na ncha ya mwiko.

Kabula aliitazama sahani ile. Hakuigusa.

Mama mkwe akamtazama. Kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, nimekusikiliza," akasema. "Sijaelewa hata neno moja."

Akasimama kwa kujikongoja, akatembea mpaka kwenye ule mkeka wa mbali, akakaa, goti lake likigusa goti la Kabula. Akanawa mikono. Akamega ugali kwenye sahani ya mkwewe, akachovya mlenda, akala. Kisha akamega tonge la pili, akampa Kabula mkononi.

"Kula, mwanangu," akasema. "Umekonda."

Yule mtoto mdogo akajinasua, akamkimbilia mama yake.